Kioo Hakitafuni Kahawa

Leo nimeamka vizuri, redio ikaniharibia siku. Bwana mmoja mwenye sauti ya kupendeza kasema eti siku hizi ukitaka kuwajua watu huna haja ya kukaa nao. Unawapelekea maswali, unajumlisha majibu, kwisha, umewajua. Nikaizima kwa hasira mpaka kitufe kikabaki mkononi.

"Redio imekukosea nini?" akauliza mke wangu Sada.

"Redio haina kosa. Huyo bwana ndiye hakumjua Theopista. Angemjua, angefunga mdomo wake."

"Basi tusimulie habari za huyo Theopista, uiache redio yangu."

Haya. Mwaka ni sabini na nne, Operesheni Vijiji imepamba moto, watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, mkoa wetu bado unaitwa Ziwa Magharibi. Mimi Burhani, mtoto wa mjini Bukoba, mjukuu wa mtu aliyekuja na misafara ya pwani akaoa hapa hapa, nilikuwa dereva wa Landrova ya ofisi moja ya utafiti. Gari lile nililipenda mno. Asubuhi nililisalimia kabla ya kumsalimia mtu yeyote.

Mkuu wa ofisi alikuwa Dokta Ildefons Rweyemamu, mzaliwa wa Ijuganyondo, aliyesoma Ulaya mpaka akarudi anavaa soksi za sufu kwenda shambani. Wahaya na kisomo mnawajua wenyewe, wengine wakipata cheti wanataka hata mbuzi awaamkie kwa Kiingereza. Huyu hakuwa hivyo. Hakumfokea mtu, hakula rushwa, hakuchelewa kazini. Nilimheshimu siku zile, na leo namheshimu zaidi. Ila alikuwa na imani moja ngumu kama jiwe, kwamba watu wanapimwa kama unavyopimwa udongo.

"Burhani," aliniambia siku moja tukiwa njiani, "bwana shamba akichota udongo, udongo haumuulizi wewe nani. Ndivyo tunavyotakiwa kuwa. Sisi ni kioo. Kioo hakiongezi wala hakipunguzi."

"Sawa, Dokta," nikasema, nikakwepa shimo.

Kutokana na imani hiyo akatunga sheria. Anayekwenda kuuliza maswali asipokee kitu kwa anayeulizwa. Si ndizi, si maji, si kahawa. Ukipokea, alisema, umeshampendelea mtu, na yeye atakujibu cha kukufurahisha. Vijana wake wote walifundishwa jibu moja la adabu: "Asante, kazi hairuhusu."

Sasa kwa asiyejua nyumba za huku, ngoja nimweleze. Mgeni akiingia kwa Mhaya, kabla ya habari yoyote, huletewa kahawa ya kutafuna, akamwani. Ni buni zenye maganda yake, zimechemshwa na majani ya harufu, zikakaushwa, zinaletwa katika kijikapu. Mwenye nyumba anachukua yake kwanza, anatafuna ukimwona, ndipo anakupa wewe. Maana yake, kwangu hakuna sumu, na wewe hukuja na ubaya. Kukataa? Labda mmegombana, au una jambo baya kifuani na hutaki likushtaki baadaye. Hata mama yangu Siti, Mswahili wa mjini asiyependa uchungu wake, alikuwa akichukua moja na kuizungusha mdomoni mpaka aage.

Aliyewaongoza vijana wa maswali alikuwa Theopista Karugendo, binti wa Kagondo. Kadogo ka mtu, sauti ya chini, digrii ya Dar es Salaam, na Dokta mwenyewe ndiye aliyemchagua. Alikuwa na tabia moja. Jambo likimkaa vibaya moyoni, anauma mdomo wa chini, ananyamaza. Akianza kunyamaza ujue kuna mtu atapata taabu.

Basi tukatumwa Kashambya, kilima kimoja cha migomba na kahawa huko Muleba. Agizo la kamati ya mkoa lilikuwa jepesi kueleza na zito kubeba. Kilima ambacho watu wake tayari wanaishi kijamaa, wanasaidiana, kitaandikwa kijiji palepale kilipo. Kilima ambacho kila mtu yuko kivyake kitahamishiwa nyanda za Kimwani, wakajifunze ujamaa huko kwenye mashamba mapya. Kamati haikuwa na nafasi ya kwenda kuangalia. Ilimwambia Dokta atafute ukweli kwa kipimo chake, nayo itaufuata.

Kashambya kulikuwa na mjane anaitwa Ma Kokwijuka. Kibanja chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kilikuwa na makaburi mawili chini ya migomba, la mume wake na la binti yake Felicitas, yamepaliliwa safi kuliko ua wa parokia. Siku ya kwanza tu alipoona Landrova alimshika Theopista mkono, akampeleka mpaka pale.

"Mkitupeleka Kimwani," akamuuliza, "hawa watabaki na nani?"

Kioo hakijibu. Theopista alisema, "Ma, sisi tunauliza tu," na nilimwona anauma mdomo.

Nyumba ya kwanza tulianza kwa Ta Damian, mzee mcheshi. Mke wake Alistidia alikuwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo kahawa ikachelewa, na kijana wetu mmoja, Ayubu, akaanza kuuliza. Ukiwa na kazi kubwa, nani anakusaidia? Ta Damian akacheka.

"Nianzie wapi? Nianze na walioniezekea nyumba? Au waliombeba mama yangu kwa machela mpaka hospitali, mvua inanyesha, wanapokezana mabegani? Andika kijana, usichoke."

Ayubu anaandika, jasho linamtoka. Mara Alistidia akatokea na kijikapu. Ta Damian akatwaa yake, akamnyooshea Ayubu. Ayubu akasema alichofundishwa: "Asante, kazi hairuhusu."

Mzee akamtazama. Akaitoa yake mdomoni, akairudisha kiganjani.

"Kijana, futa hayo. Mimi sina mtu. Nafanya kazi peke yangu."

"Lakini mzee, umesema..."

"Nilikuwa natania. Sisi wazee tunapenda utani."

Tangu nyumba hiyo mpaka ya mwisho juu kileleni, jibu likawa hilo hilo. Una mtu wa kukusaidia? Sina. Ukiugua? Nitaugua peke yangu. Ukifa je? Nitaoza, basi. Hata Ma Kokwijuka, pale karibu na makaburi yake, alisema kwa sauti kavu, "Sina mtu, waitu," na hilo waitu ni neno la heshima tu. Vijana wakaandika.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeegemea Landrova, natafuna. Sheria ilisema anayeuliza, haikumtaja dereva. Nilipoletewa kahawa nilipokea, nilipoletewa ndizi nilikula, palipokuwa na senene, wale panzi wa kukaanga, sikuwaonea huruma. Sikuwa nachunguza kitu. Nilikuwa na njaa.

Majibu yakajumlishwa ofisini. Dokta akatoka na karatasi yake, uso umeanguka, maana na yeye ni mtu, na wale ni Wahaya wenzake.

"Katika vilima vyote tulivyopima," akasema, "hakuna kilichokaa kipweke kama Kashambya. Inasikitisha. Lakini ndivyo ilivyo."

Theopista akasimama. "Dokta, na majibu ya kwanza ya Ta Damian?"

"Yamewekwa kando. Aliyakana mwenyewe, tena hayafanani na ya wengine. Jibu moja lililopotoka haliwezi kushinda kilima kizima."

"Nyumba ya Ma Kokwijuka ina nyasi mpya juu. Mama wa umri ule hakupanda kuezeka. Nani alipanda?"

"Uliona paa, Theopista. Hukuona aliyepanda. Tuandike tulichokiona."

Alisema kwa upole kabisa, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. Mtu mkali unaweza kugombana naye. Huyu alikuwa anaangusha mlima kwa sauti ya kukupa pole.

Jioni nikampeleka Theopista kwao Kagondo. Njiani akaniuliza, "Burhani, kwa nini watu wa Kashambya wanakupungia mkono wewe, na sisi wanatutazama kama wadai kodi?"

"Uzuri wa sura, dada yangu."

Hakucheka. "Ulikula nini kule?"

"Kahawa. Ndizi. Senene. Kahawa tena. Mbona, Dokta amenisema?"

Anauma mdomo. Tulipofika kwao akashuka, akafunga mlango, halafu akainama dirishani. "Kesho tunarudi Kashambya, mimi na wewe tu. Siendi na swali hata moja."

Nikajua kuna mtu atapata taabu. Nikaomba asiwe mimi.

Tulimkuta Ma Kokwijuka anamenya ndizi mlangoni. Theopista akapiga magoti, akamwamkia kama binti wa pale pale. "Kasinge, Ma."

"Mpora," akaitikia mama, na mkono wake ukaendelea na kisu.

Tukakaa. Kahawa haikuja. Ingekujaje? Theopista aliikataa siku ile ya kwanza, na mtu hapewi mara mbili kitu alichokikataa. Huku kwetu hakuna anayeiomba kahawa hiyo, ni aibu, ni kama kuomba kusalimiwa. Theopista akainamisha kichwa.

"Ma, nimekuja kuomba ile kahawa niliyoikataa."

Mimi nikatazama kwingine, maana niliona haya kwa niaba yake. Msomi mzima, digrii yake, amepiga magoti kwenye majani ya migomba anaomba buni! Mama akaweka kisu chini, akaingia ndani, akakaa huko mpaka nikadhani ametuacha. Akatoka na kijikapu. Akatwaa yake, akatafuna. Akampa. Theopista akaitia mdomoni, uchungu ukamkunja uso, akatafuna.

"Sasa umekuja," akasema Ma Kokwijuka. "Ile siku ulipita tu."

Kisha akasema yote, polepole, huku anamenya ndizi zake.

"Mwanangu, mlikuja na karatasi, mkakataa kahawa, mkauliza watu wangu ni nani. Mtu asiyetafuna kahawa yangu, watu wangu anawatakia nini? Nikimtaja Damian, kesho si mtamfuata Damian? Mlipokuwa bado mnaaga pale kwake, Alistidia alishapita katikati ya migomba, akaja kuniambia: hawa hawatafuni. Mimi nikamwambia wa juu yangu, naye wa juu yake. Nyinyi na gari lenu mlikuwa bado mnatafuta njia. Tukasema, kila mtu ajibu yuko peke yake. Kama wamekuja kukamata, wakamate mmoja, wasiupate ukoo wote."

"Wote mlikubaliana, Ma?"

"Wote. Hata wale wawili kule juu waliogombania mpaka, hawajasalimiana tangu masika. Siku hiyo walisalimiana ili waambiane."

Jamani! Nilisimama pale mdomo wazi. Kilima kizima kilishikana mikono ili kiseme hakishikani. Sisi tulikuwa tunatafuta ujamaa wao kwa maswali, kumbe ujamaa wenyewe ndio uliokuwa unatujibu "sina mtu". Theopista alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na kahawa bado iko shavuni.

Kazi ikawa kwa Dokta. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Mama mmoja, hadithi moja," akasema. "Na wewe umeshakula kahawa yake. Theopista, wewe si mtafiti tena pale. Wewe ni mtu wao."

"Ndiyo, Dokta."

"Unakubali?"

"Nakubali. Ndiyo sababu ameniambia. Twende na wewe, uone mwenyewe."

Angekuwa mkubwa mwingine, angemfukuza. Huyu akachukua kofia yake. Kwa hilo peke yake ningempigia saluti.

Kule Kashambya, Ma Kokwijuka alileta kahawa bila kuombwa, kwa sababu safari hii Theopista ni mgeni wa nyumba. Akatafuna yake, akampa Theopista, akanipa mimi. Kijikapu kikafika mbele ya Dokta, kikasimama. Mkono wa Dokta haukwenda. Walikuwa wanaongea Kihaya, mama anasikia kila neno.

"Nikiitwaa hii," Dokta akasema, "siwezi tena kuandika habari za mama huyu kama mtu baki."

"Kwa nini, Dokta?"

"Unajua kwa nini. Nitakuwa nimefungana naye."

"Nani alikwambia? Ulipima wapi?"

Akapepesa macho. "Hakuna aliyeniambia. Nimezaliwa Ijuganyondo."

"Basi ulijua," akasema Theopista kwa sauti yake ile ya chini. "Tangu siku ya kwanza ulijua kahawa hii inasema nini. Ukatuagiza tuikatae katika kila nyumba. Watu wakasikia tulichowaambia, wakatujibu sawasawa, nasi tukaandika kwamba hawana umoja. Dokta, wewe ni Mhaya mpaka mlangoni, ukiingia ndani unageuka kioo. Kioo hakitafuni kahawa, lakini wenye nyumba wanakiona kimesimama pale!"

Binti kumwambia hivyo mkubwa wake, mbele ya mama mzima! Ma Kokwijuka aliendelea kutafuna kama haoni kitu, lakini nakuapia alikuwa anafurahi.

Dokta akageukia mama. "Ma, nikiila leo, keshokutwa mbele ya kamati watasema nimenunuliwa, na neno langu halitakusaidia. Niwekee."

"Nitakuwekea."

"Lakini niruhusu nikuulize tena. Una mtu?"

Ma Kokwijuka akamtazama usoni. Mtu ambaye bado hajatafuna. "Sina mtu, waitu," akasema, mkavu kama kuni.

Wakati huo huo, Mungu ana mambo yake, Ta Damian akatokea upande wa pili wa kibanja na mkungu wa ndizi kichwani, anaimba. Akaona Landrova. Wimbo ukakatika. Akarudi nyuma hatua, mgomba ukamzuia.

"Ta Damian," akaita Dokta, "unakwenda wapi?"

"Mimi? Napita tu."

"Na huo mkungu?"

"Mkungu?" Akainua macho juu, kana kwamba ameambiwa kichwani kuna ndege. "Mkungu upi?"

Ma Kokwijuka akajiziba uso na kanga. Mimi nilishindwa, nikaangukia boneti kwa kicheko. Na Dokta Ildefons Rweyemamu, niliyemwendesha masika na kiangazi bila kuona meno yake, akacheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza aliendelea kuishika miwani mkononi, hakuivaa. Macho yalikuwa yamelowa, na hayakuwa machozi ya kicheko tena.

"Anadanganya kwa ajili ya mama huyu," akasema polepole. "Wanadanganya kwa ajili ya wenzao. Na mimi nimewaandika hapa kwamba hawapendani."

Kamati ikakaa Bukoba siku ya mvua kubwa. Nilijikinga barazani, mlango wazi kwa sababu ndani watu wamejaa, nikasikia yote. Mwenyekiti hakuwa mtu wa huku, alikuwa bwana mzito wa maneno machache.

"Dokta, kipimo chako kinasemaje juu ya Kashambya?"

"Hesabu ni sahihi, ndugu mwenyekiti. Inaonyesha barabara jinsi watu wa Kashambya wanavyomjibu mtu aliyekataa kahawa yao. Hatukwenda kupima hilo, lakini ndilo tulilopima."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Unataka kusema kazi yako ni bure?"

"Ya Kashambya, bure. Na vilima vingine vyote tulivyopima kwa sheria ile ile, naomba majibu yake yaondolewe pia. Kama kipimo kimepinda hapa, kimepinda na kule. Sheria niliitunga mimi, vijana wasilaumiwe. Na sasa naomba msikilizwe Theopista Karugendo, ambaye aliliona hili mimi nikiwa nimelifumbia macho."

Mvua ikasikika juu ya bati. Jamani, mnajua ni kitu gani kwa Mhaya aliyesoma Ulaya kusimama mbele za watu akasema hivyo? Mimi najua wanaume waliokubali kufa kuliko kusema "nimekosea njia" kwa abiria.

Theopista akaeleza. Paa la nyasi, machela ya mama yake Damian, mkungu usiojulikana ni upi, kilima kilichosalimiana ili kijikane. Hakupamba. Mjumbe mmoja akamkatiza: "Dada, haya ni masimulizi. Takwimu zako ziko wapi? Na isitoshe, umekiri ulikula kahawa yao!"

"Nilikula, ndugu mjumbe. Mtu akija kwako, akakataa kiti, akakataa maji, akakuuliza nani anakupenda, wewe utamjibu nini? Akiandika jibu lako, atakuwa amekujua wewe, au atakuwa amejua unavyomwona yeye?"

Mjumbe akaketi. Nikajua imempata. Kisha mwenyekiti, yule mzito, akasema kwa sauti ambayo nusura mvua iimeze, "Kwetu ni maziwa."

"Samahani, mwenyekiti?"

"Kwetu mgeni anapewa maziwa. Akiyakataa, watoto wanaingizwa ndani." Akagonga meza kwa kidole. "Andika Kashambya ni kijiji. Palepale kilipo."

Nilipiga ngumi ukuta wa serikali kwa furaha, askari akaniangalia vibaya.

Dokta alilipia. Mkubwa anayesema kazi yake yote irudiwe hapewi keki. Mwisho wa mwaka akaondolewa kwenye ukuu wa ofisi, akaenda kufundisha, na Theopista ndiye aliyezunguka tena vilima vyote, safari hii anakaa, anatafuna, anauliza baadaye. Wengine walimcheka Dokta mitaani, msomi aliyeshindwa na buni. Waache wacheke. Nimewaendesha wakubwa wengi maishani mwangu, waliojua kupima ni wengi. Aliyejua kupima, akagundua amekosea, akalitangaza mwenyewe mchana kweupe, ni huyo mmoja.

Lakini sijamaliza. Kesho yake baada ya kamati tulikwenda Kashambya, sisi watatu. Habari zilikuwa zimeshafika, huko habari hazingoji Landrova. Watu walikuwa wamejaa kwa Ma Kokwijuka, Ta Damian na mkungu wake hadharani sasa, anautembeza kama bwana harusi. Dokta akapita katikati yao, akapiga goti moja, soksi za sufu kwenye tope.

"Ma, nimeifuata kahawa yangu."

Ma Kokwijuka akaingia ndani, akatoka na kijikapu. Ndani yake palikuwa na buni moja tu, ile ile, alikuwa ameiweka. Safari hii yeye hakutafuna kwanza, yake alishaitafuna siku ile. Akaiweka kiganjani mwa Dokta, na Dokta akaitia mdomoni mbele ya kilima kizima. Watu wakapiga vigelegele.

"Sasa uliza," mama akasema.

Dokta hakuwa na karatasi. "Ma," akasema, "una mtu?"

Akaanza kutaja. Akamtaja Damian, na Alistidia, na walioezeka paa, mmoja mmoja, kila mmoja na alichofanya, mvua gani, ugonjwa gani, msiba gani. Akawataja wale wawili wa mpaka, wakainamisha vichwa. Hakuna aliyemharakisha. Alipowamaliza walio hai akageukia migomba, akamtaja mume wake, akamtaja Felicitas, akasema, "Na hawa, ambao sasa hakuna wa kuwaacha peke yao." Akamtaja Theopista, binti aliyeomba kahawa. Kisha akamwekea Dokta mkono kichwani.

"Na wewe," akasema.

Dokta alibaki pale chini, anatafuna, machozi yanamtiririka, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mtu wa mjini akitaka kulia hutafuta la kusema.

"Na dereva je, Ma?" nikauliza. "Dereva hana mtu?"

Ma Kokwijuka akageuka, akacheka na machozi yake.

"Wewe mlafi," akasema, "wewe ni wetu tangu siku ya kwanza."